Gari la Zamani Lipandapo Mlima



Wengi wetu hapa Nkoaranga, na huko chini Usa River, Tengeru na Maji ya Chai, tuna gari moja tu nyumbani, nalo si jipya. Limevuka bahari kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika huko miaka mingi, kisha likapita mikononi mwa watu wawili watatu hapa nchini kabla ya kufika kwetu. Huenda ni Prado, au RAV4, au Escudo, au Land Rover iliyorithiwa kwa baba. Gari hilo ndilo lipelekalo watoto shule, ndilo lishushalo ndizi na kahawa, ndilo hubeba bibi arusi na ndilo hubeba marehemu. Na jirani akibisha mlango usiku wa manane, ndilo hupeleka mgonjwa hospitali. Kwa hiyo afya ya gari hilo ni jambo la kijiji kizima, wala si la mwenye gari peke yake.

Nataka kuwasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Gari langu ni Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 1997, ya dizeli, yenye injini ya lita tatu ambayo mafundi huiita 1KZ. Usiku mmoja wa Aprili, masika ikiwa imekolea, jirani alikuja kutuamsha, akasema mkewe ameshikwa na uchungu. Nyumba zetu ziko upande wa chini, karibu na barabara kuu iendayo Moshi, na hospitali ya Nkoaranga iko juu mlimani. Tukampakia mama yule, na mama mkwe wake, na wanawake wawili wa kumshika, na jirani mwenyewe, tukapanda. Utelezi ulikuwa mwingi, tukaenda kwa gia ya kwanza na ya pili tu. Hatujafika nusu ya njia nikaona mshale wa joto umepanda hata alama nyekundu, na mvuke ukatoka chini ya boneti. Nikasimama, nikazima injini. Kisha nikafanya ujinga ambao naujutia hata leo. Nilitwaa dumu la maji baridi lililokuwa nyuma ya gari, nikakifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikayamimina maji yote kwa haraka. Nikasikia mlio mdogo, kama glasi ya baridi itiwapo chai ya moto. Gari halikuwaka tena.

Wanaume wanne walitoka katika nyumba za kando ya njia, wakamchukua yule mama juu ya kitanda, wakapanda naye gizani katika mvua. Alijifungua salama kabla ya mapambazuko. Mtoto yule sasa aenda shule, na kila anipitapo huniamkia, "Shikamoo, babu," nami kila mara naona haya kidogo.

Naona haya kwa kuwa gari lilikuwa limenionya muda wa miezi miwili. Mshale wa joto, ambao zamani ulikaa chini ya nusu bila kutikisika, ulianza kupita nusu kila tulipopanda, kisha ukarudi tulipofika tambarare. Kila Jumamosi nilipofungua rejeta ilinibidi kuongeza maji vikombe viwili, na chini ya gari hapakuwa na tone lililodondoka. Mama wa nyumbani kwangu ndiye aliyeuona mshale kwanza, akaniambia, "Baba, huo mshale haukai mahali pake pa zamani." Nikamjibu kwamba ni mlima tu. Baadaye akaniambia tena, nikamjibu vile vile.

Na kweli mlima una sehemu yake katika shauri hili, ila si kama nilivyodhani. Huko pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa kwetu, mita 1,400 na zaidi juu ya bahari, maji katika sufuria wazi huchemka kwa nyuzi 95 hivi, ndiyo sababu maharage ya huku hula kuni nyingi kabla ya kuiva. Nayo injini hupenda kufanya kazi katika nyuzi 80 hata 95. Basi pasipo msaada maji yake yangechemka kila siku. Msaada wenyewe ni kile kifuniko cha rejeta, ambacho watu wengi hukidharau. Ndani yake mna springi na mpira, navyo huyabana maji yasipate nafasi ya kuwa mvuke, hata yakapita nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira ukipasuka, au springi ikilegea, msaada umekwisha, ijapokuwa kifuniko kinaonekana kizima machoni. Nimeona vifuniko vilivyozibwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, na kimoja kilichozibwa kwa kigunzi cha mahindi. Kifuniko kipya ni cha bei ndogo, nacho kina tarakimu juu yake zionyeshazo nguvu ya springi. Nunua chenye tarakimu ile ile ya kile cha kwanza.

Sababu hiyo hiyo ya kubanwa ndiyo imfanyayo mtu aungue uso. Maji yaliyobanwa yakifunguliwa ghafula huchemka mara moja, yakaruka pamoja na mvuke. Usikifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Ungoje nusu saa walau, ukamate mpira mkubwa wa juu wa rejeta kwa kitambaa. Ukiwa bado mgumu kama mpira wa kuchezea, ungoje tena.

Mimi kwa bahati yangu sikuungua, lakini nilikosa jambo la pili. Kichwa cha injini ile, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, ni cha aluminiamu, na aluminiamu iliyopata joto la kupita kiasi ikimwagiwa maji baridi hupasuka. Injini hii ya 1KZ ina sifa mbaya kwa jambo hilo kila mahali iendako. Iliyopasa ni kuzima injini, kufungua boneti, kungoja mpaka ipoe kabisa, kisha kuiwasha na kuyatia maji kidogo kidogo huku inanguruma polepole. Lakini kama mshale waanza tu kupanda, na mvuke haujatoka, yako mambo ya kufanya kabla ya kusimama. Zima kipoza hewa cha ndani. Fungua kile kitoacho joto ndani ya gari mpaka mwisho, na feni yake kwa nguvu zote. Abiria watalalamika, lakini joto hilo watakalolihisi miguuni limetoka kwenye injini. Mshale usiposhuka kwa dakika mbili, simama.

Silinda hedi mpya ilitugharimu fedha ya kahawa ya msimu mzima. Fundi aliyeifunga, mzee mmoja mtulivu asiyesema sana, alinionyesha chanzo. Miaka miwili nyuma, katika gereji nyingine, gari lilipochelewa kidogo kupoa, walikitoa kile kidude kiitwacho themostati wakakitupa, wakaniambia kwamba katika nchi za joto hakina kazi. Neno hili wasomaji wengi mtakuwa mmekwisha kulisikia. Si kweli. Themostati ni mlango mdogo ujifungao injini ikiwa ya baridi, na ujifunguao maji yapatapo nyuzi 80 hivi. Katika injini nyingi hufanya kazi mbili: hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati ule ule huziba njia ya mkato ambayo maji hupita wakati wa baridi. Ukiitoa, njia ya mkato yabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto yarudi injini bila kufika kwenye rejeta kamwe. Gari huonekana limepona kwenye tambarare, maana mshale hukaa chini. Likipanda mlima na mzigo ndipo ukweli hutoka. Na siku nyingine zote injini hukaa ya baridi mno, ikala dizeli nyingi na kujisaga yenyewe. Kwa kuijaribu themostati, mama yeyote mwenye sufuria aweza: itundike kwa uzi katika maji yaliyo jikoni, uone kama yafunguka maji yanapokaribia kuchemka, na kama yajifunga tena yakipoa.

Kisha fundi yule akaitazama feni. Katika magari haya ya dizeli feni haikufungwa moja kwa moja na injini. Katikati mna kikombe chenye mafuta mazito ambayo hushika zaidi kadiri hewa ya rejeta izidipo joto. Gari likienda mbio barabara kuu upepo wa safari watosha kuipoza rejeta, wala feni haina kazi kubwa. Lakini likipanda polepole kwa gia ya kwanza hakuna upepo, feni ndiyo kila kitu. Kikombe kikivuja mafuta yake feni huzunguka kivivu. Zima injini ikiwa ya moto, hakikisha ufunguo uko mfukoni mwako, kisha uisukume feni kwa kidole. Ikiwa nzito kidogo ni nzima. Ikizunguka mara nyingi kama kipepeo cha watoto, imekufa. Yangu ilizunguka kama kipepeo.

Maji nayo yana habari yake. Maji matupu hutia kutu ndani ya injini. Yafaa kulanti, nusu kwa nusu na maji safi. Mto wa Maji ya Chai, jina lake lenyewe latosha kutuonya. Asiye na maji yaliyotengenezwa na akinge ya mvua katika chombo safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la bati. Kadhalika mbegu za nyasi, wadudu na tope hujaza nafasi nyembamba za rejeta kwa nje, na ile ya kipoza hewa iliyo mbele yake. Osha kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Maji ya nguvu nyingi hulaza mapezi yake, ikawa hasara juu ya hasara.

Na dalili za ile gasketi iliyo chini ya silinda hedi kuungua, au za hedi kupasuka, ni hizi: maji yapungua wala huoni yavujapo, ukiwasha asubuhi kifuniko kikiwa wazi waona mapovu yasiyokwisha, mpira wa juu wakakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata moto, oili kwenye kijiti imegeuka rangi ya maziwa na chai, moshi mweupe mwingi watoka hata injini ikiwa imekwisha pata joto. Ukiona mojawapo, usisafiri. Dalili ya kwanza mimi niliiona majuma manane.

Tangu hapo nimejiwekea desturi ya dakika tano kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa la baridi na limesimama mahali pa sawa. Natazama chini kwanza, maana ardhi husema mengi: tone jeusi ni oili, tone jekundu mara nyingi ni la giaboksi ya kujibadili yenyewe au la usukani, tone la kijani au waridi lenye kuteleza ni kulanti, na maji safi yasiyo na rangi huwa ni ya kipoza hewa tu, hayana neno. Kisha oili: chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, ukichomoe tena. Iwe kati ya alama mbili. Ikizidi alama ya juu si heri, kama watu wengine wadhanivyo. Hutafuta njia ya kutoka na kuharibu sili. Injini yangu hula lita 7 hivi ikibadilishwa pamoja na chujio, nami hubadilisha kila kilomita 5,000, maana barabara zetu zina vumbi na safari zetu ni fupi. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache baada ya kumwagwa mpya, usishtuke. Mimi hununua dukani kwenye kopo lenye lakiri yake, hata kama ya kupimwa kwa chupa ni ya bei nafuu.

Vumbi la Meru ni laini kama unga, kwa kuwa ni la majivu ya mlima wa moto wa kale. Kati ya Julai na Oktoba hujaza chujio la hewa kwa majuma machache. Gari likitoa moshi mweusi na kukosa nguvu, anza hapo kabla ya kumlipa mtu afungue nozeli. Piga chujio taratibu juu ya kiganja, au lipulizwe upepo kutoka ndani kwenda nje. Likiwa limepasuka hata tundu la sindano, tupa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, nao ni ugonjwa wa uzee. Moshi mweupe wakati wa kuwasha katika asubuhi za baridi za Juni na Julai, ambao hukoma baada ya dakika moja au mbili, kwa kawaida ni plagi za kupasha joto zilizokufa mojawapo. Ingojee ile alama ya njano ya koili kwenye dashibodi izimike ndipo uwashe. Vijana wengi hawaingoji.

Dizeli nayo huchanganyika na maji, hasa wakati wa mvua na hasa ile ya kwenye madumu ya kando ya njia. Uchakachuaji ulizidi hata mwaka 2010 EWURA ikaanzisha kutia alama maalumu katika mafuta ili wadanganyifu wajulikane. Chini ya chujio la dizeli kuna skrubu ndogo, na juu yake pampu ya mkono. Taa ya chujio ikiwaka, weka kikopo chini, legeza skrubu, piga pampu polepole: kwanza yatatoka maji, kisha dizeli safi. Kaza. Kazi hii mwanangu wa kike wa kidato cha pili huifanya vizuri kuliko mimi, maana mikono yake ni midogo.

Sasa breki. Katika habari ya joto, kosa likitokea twapoteza fedha. Katika habari ya breki twapoteza watu, na sisi tukaao mlimani kila safari yetu ya kwenda mjini yaanza kwa mteremko.

Kwanza, usizime injini mteremkoni kwa ajili ya kubana mafuta. Najua desturi hiyo ipo. Nguvu isaidiayo mguu wako kwenye breki hutoka katika pampu izungushwayo na injini. Ikizimwa, ukikanyaga mara mbili tatu msaada umekwisha, na pedeli huwa ngumu kama jiwe. Usukani nao hukakamaa. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda. Mwenye gari la gia za kujibadili na asogeze mkono kwenye 2 au L, aache injini ilishikilie gari. Breki zikikanyagwa bila kupumzika kutoka hospitali mpaka barabara kuu hupata moto, na hapo ndipo jambo la hatari hutokea.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi; yakiisha kunywa maji ya kutosha, kipimo cha chini kabisa kilichowekwa ni nyuzi 140. Yakichemka hufanya mvuke ndani ya mabomba, na mvuke hubonyea. Dereva akanyaga, pedeli yazama mpaka chini, wala gari halisimami. Kisha gari likipoa breki zarudi kama kawaida, na fundi hakuti kosa lolote, watu wakaanza kusema maneno ya uchawi. Badilisha mafuta hayo yote kila miaka miwili, nayo yatolewe upepo gurudumu moja moja. Yakiwa meusi kama kahawa yamekwisha pitwa na wakati. Wala usiongeze kamwe oili ya injini, au maji ya sabuni, hata ukikwama porini: oili huvimbisha mipira yote ya breki, na kila kimoja kitataka kubadilishwa.

Pedeli husema maneno mengi kwa aijuaye. Ikiwa laini kama sifongo, mna upepo. Ikishuka polepole wakati umeikanyaga na kuishikilia, masta silinda yapitisha ndani, au pana mahali pavujapo. Gari likivuta upande mmoja, upande wa pili haushiki, au huo umegoma kuachia. Gusa rimu baada ya safari fupi, yenye moto kupita wenzake ndiyo yenye neno. Mlio mwembamba wa filimbi mara nyingi ni kile kibati cha pedi kilichowekwa makusudi kukupigia kelele zikaribiapo kwisha. Mlio wa chuma juu ya chuma ni kwamba zimekwisha. Na kwa kuujaribu ule msaada wa injini: injini ikiwa imezimwa kanyaga mara tano, shikilia, kisha washa. Pedeli ikizama kidogo chini ya mguu, ni nzima. Mimi hufanya hivyo kila asubuhi, wala hainipotezei hata nusu dakika. Kibandiko cha ukaguzi kwenye kioo kinaeleza gari lilivyokuwa siku ile lilipokaguliwa.

Tairi tusizihesabu kwa meno tu. Ubavuni pana tarakimu nne katika duara refu: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi nyingi za mtumba zina meno mazuri na umri wa miaka kumi, mpira wake umekauka. Upepo utiwe asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibati cha nguzo ya mlango wa dereva. Kama kimeandikwa 200 kwa hesabu ya Wajapani, hiyo ni 29 kwa hesabu ya geji zetu za pancha. Kijitabu cha gari langu chote ni cha Kijapani, na hicho kibati ndicho pekee nilichofaulu kukisoma.

Betri nitasema kwa ufupi. Iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6; injini ikinguruma iwe kati ya 13.8 na 14.4, isipofika kosa liko kwa alteneta au mkanda wake. Ule ukungu mweupe wa vichwani hutoka kwa maji ya magadi, ambayo kila jiko la huku linayo. Yasiingie ndani ya matundu ya betri. Ondoa waya wa hasi kwanza, urudishe mwisho.

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kutoka kila upande kwa tamasha lao, na nyingi zilikuwa na umri mkubwa kuliko madereva wake. Nilikwenda kutazama. Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa amesimama kando ya lake ni dawa gani alitia. Akaingiza mkono dirishani, akatoa daftari la shule lililochakaa, lenye alama za vidole vya oili.

Nami sasa ninalo. Ukurasa wa kushoto ni tarehe na kilomita, wa kulia ni kilichofanyika, na nani alifanya, na kifaa kilitoka wapi. Nikienda kwa fundi namsomea dalili, simwambii cha kubadilisha. Wala kifaa cha zamani sikiachi gerejini mpaka nimekiona kwa macho. Mara mbili daftari limeniokoa nisinunue tena kitu nilichokwisha kununua. Na katika ukurasa wa kwanza nimeandika kwa wino mwekundu mkanda wa taimingi, ambao katika injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000. Taa yake kwenye dashibodi ina herufi za T-BELT. Wako mafundi waichomoao balbu ili mwenye gari asisumbuliwe, nayo yangu niliikuta haipo. Mkanda ukikatika, pistoni na valvu hugongana, na hapo hakuna cha kumimina wala cha kungoja. Balbu nimeirudisha. Mkanda ulibadilishwa gari likiwa na kilomita 241,300. Jana jioni, baada ya kumpeleka bibi wa jirani kuchukua dawa zake za presha, saa ilisoma 287,416.